Kifua Changu na Vitabu vya Mjomba

Kama umeshatengewa kikombe chako na sahani yako, na wanao wameambiwa wasikukaribie, basi maneno haya nimekuandikia wewe. Sijui kwa nini kifua humwingia huyu kikamwacha yule, na sitajitia kueleza dawa. Nitasema yaliyonipata mimi, mwaka mzima na miezi yake, na namna nilivyotoka.

Jina langu Zuwena. Nimezaliwa Mjini Unguja, mtaa wa Malindi, na nikaolewa huko huko, nyumba si mbali na kwetu. Mume wangu, Nassor, alikuwa akiuza vitambaa, na tulikaa na mama yake, Bi Moza, katika nyumba ya ghorofa aliyoiacha marehemu babamkwe. Tulikuwa na mtoto mmoja, Raya. Nilipoanza kuugua ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusema vizuri, hata hawezi kutamka jina lake, akijiita Laya.

Jambo jingine nililokuwa nalo ni vitabu. Babu yangu mzaa mama aliacha chumba kizima cha vitabu na akakiweka wakfu, asome kila anayejua kusoma. Mtunzaji wake alikuwa mjomba wangu, Sheikh Suleiman. Wanaume walikuwa na siku zao, na Alkhamisi asubuhi ilikuwa yetu sisi wanawake wa ukoo tuliofundishwa kusoma. Sharti lilikuwa moja tu: kitabu hakitoki nje ya nyumba. Toka mwari mpaka nikazaa, sikumbuki kukosa Alkhamisi ila kwa uzazi au msiba.

Damu ya kwanza niliiona siku za kaskazi, mchana wa joto. Nilikuwa nikimshonea Raya kanzu. Nikakohoa katika kitambaa, nikaona kitu chekundu, nikadhani ni tambuu. Nikaendelea kushona. Sindano ilishaingia mara mbili tatu ndipo nikakumbuka kwamba siku ile sikutafuna tambuu.

Bi Moza alikiona kitambaa kabla sijakificha. Hakupiga kelele. Alimnyanyua Raya pale alipokuwa akicheza karibu na miguu yangu, akashuka naye chini. Jioni kitanda changu kilipandishwa chumba cha darini, mkeka na kikombe changu vikafuata.

Nataka niseme mapema kwamba Bi Moza hakuwa mtu mbaya. Alizika mabinti wawili, wote kwa kifua, mmoja baada ya mwenzake. Alipokuwa akinitazama, akiwaona wao. Lakini haki yake haikunipunguzia mimi kitu, nikiwa kule juu na mlango umerudishwa.

Chumba kile kilikuwa na dirisha moja jembamba, nalo lilitazama ukuta wa jirani. Sikuona mbingu ila nikilaza kichwa pembeni kabisa. Chini ndiko lilikopita gari la moshi liendalo Bububu. Likipita nyumba nzima hutikisika, vumbi la chokaa likaanguka kutoka dari mpaka kitandani, na moshi ukapanda na kuingia, nikakohoa mpaka mbavu zikawa kama zimepigwa. Nilijifunza kuisikia honi yake ilipokuwa bado mbali, nikavuta shuka usoni nikangoja.

Aliyeingia kwangu alikuwa Faida peke yake, mwanamke wa makamo ambaye wazee wake walikuwa watu wa bara. Nassor alimtafuta anitazame. Siku ya kwanza nilimwambia asikae karibu.

"Nikae wapi, bibi? Kwenye ngazi?" akasema, akaketi kitandani pangu, miguuni. "Mie nshawauguza wengi. Hebu nipe mgongo huo niusugue."

Alinisugua mafuta ya nazi yaliyochemshwa na vitunguu thaumu. Tulianza na dawa za nyumbani. Nilinywa kombe la aya zilizoandikwa kwa zafarani, nikala asali na habasoda, nikafukizwa nikiwa nimefunikwa blanketi mpaka nikazirai. Aliletwa mzee wa kuumika, akanipasua mgongoni na kunitoa damu, nami niliyekuwa naipoteza damu kila siku. Baada ya hapo sikuweza kusimama. Nassor akasema basi, akaenda kunitafutia daktari.

Daktari alikuwa Mgoa, ana chumba chake cha dawa upande wa sokoni. Nikipelekwa kwa kiti, nimejifunika gubigubi. Wanawake tulikaa kwenye benchi nyuma ya pazia, na wanaume mbele yake. Pale hatukuonana nyuso vizuri, tulijuana kwa vikohozi. Palikuwa na mmoja kikohozi chake kikavu, kifupi, kama mtu anayebisha hodi. Mwanamke huyo alitoka Fumba, jina lake Mwanaidi. Aliniuliza, "We wamekutenga?" Nikamwambia, "Wamenitenga." Akasema, "Mie wamenijengea kibanda. Kizuri, kina mpaka ua." Tukacheka mpaka tukakohoa, na mtu wa upande wa pili wa pazia akatuhimiza tunyamaze. Kila nilipokwenda nilikisikiliza kikohozi kile kabla sijakaa. Kisha siku moja sikukisikia, wala mara ya pili yake, wala ya tatu. Sikumuuliza mtu.

Daktari alinipa mafuta ya ini la samaki, mazito, yenye harufu ambayo mpaka leo nikiikumbuka mate hunijaa. Akaniamuru maziwa na mayai. Tena akasema nisisome. Alisema kusoma kunachosha mwili na mwili wangu hauna cha kupoteza.

Ingekuwa amenikataza chumvi ningelia kidogo kuliko nilivyolia. Lakini nakwambia kweli, hata asingenikataza nisingeweza. Niliufungua msahafu wangu, na sura nilizozijua tangu utoto zikanitoka katikati ya aya. Homa ilikuwa ikinipanda kila alasiri, na herufi zilikuwa zikitembea kama sisimizi. Nilibaki kuitazama dari, boriti na boriti, na mahali chokaa ilipobanduka.

Faida alikuwa akininunulia halua sokoni, akiileta imefungwa katika magazeti ya kale. Yeye hakujua kusoma. Siku moja nikanyoosha karatasi moja yenye mafuta, nikaona ni Kiarabu cha Misri, habari ya mtu aliyeshtakiwa kwa kuuza nyumba isiyokuwa yake. Mashahidi walikuwa wameshasema, mshtakiwa ameshaapa, na kadhi ndiyo kwanza anafungua kinywa. Hapo karatasi ikachanika.

"Faida, ile nusu nyingine iko wapi?"

"Nusu ya nini? Halua yote hii hapa."

"Karatasi."

Akanitazama kama mtu anayetazama homa. "Karatasi tu hiyo, bibi."

Mpaka leo sijui kadhi alihukumu nini. Lakini siku ile yote niliwaza juu ya nyumba ile ya watu, na sikuuwaza mwili wangu.

Nassor akija kunitazama kila baada ya swala ya alasiri. Hakuingia. Alisimama mlangoni, ameshika mwimo. "Hujambo, mama Raya?" "Sijambo, bwana." "Umekula?" "Nimekula." Kisha yeye akautazama mkono wake, mimi nikaitazama kofia yake. Akileta machungwa, akiyaweka chini, na Faida akayaokota. Alikuwa mtu mpole, na alikuwa ameshikwa na hofu.

Jioni moja sauti zilinipandia kutoka uwanda wa chini. Bi Moza alikuwa akisema, "Nassor, mwanangu, mwanamme haishi hivi. Miezi inapita. Wasichana wapo, wa watu wazuri."

Kisha nikamsikia mume wangu akisema, "Ngojeni kwanza, mama."

Niliyageuza maneno yale mawili usiku na mchana, wiki nzima. Ngojeni nini? Nipone? Au nife, asije akaonekana amefanya haraka? Sikumuuliza, naye hakujua kwamba nilisikia. Zipo ndoa zilizosimama juu ya neno lisiloulizwa, na yangu ni moja.

Raya sikumgusa. Alikuwa akiletwa mwanzo wa ngazi nimwone. Alifundishwa kujiziba mdomo na pua kwa upindo wa kanzu yake, na mwanzoni alikuwa akisahau, akiniita, "Mama, shuka!" Baadaye hakusahau tena. Alikuwa akifika, akijiziba, akinitazama kwa macho tu, kisha akikimbia kwenda kucheza.

Masika yalipokaribia daktari akasema hewa ya mjini itanimaliza. Ndugu zake Nassor walikuwa na shamba Bububu. Nikapelekwa kwa gari lile lile la moshi lililokuwa likinitikisa kitandani, nimekaa pembeni na Faida. Lilipopita chini ya nyumba yetu niliinua macho nikaliona dirisha langu. Lilikuwa dogo sana. Nikashangaa mtu aliwezaje kukaa mle.

Nilidhani nimefunguliwa, kumbe nimehamishwa. Mvua ilianza siku ya pili yake, na masika ya mwaka ule hayakuwa na huruma. Njia iligeuka mto wa matope, shuka hazikukauka, viatu vilivaa ukungu. Nilikaa katika nyumba ya makuti nikisikiliza maji. Nilikuwa nimekonda mpaka pete ya ndoa ikanitoka nikinawa, na Faida akaifunga kwa uzi shingoni mwangu. Nywele zilikuwa zikitoka pamoja na kitana. Hedhi ilikatika. Nikijitazama mikono, naona mikono ya mamangu alipokuwa juu ya kitanda cha kuoshea maiti.

Mvua zilipokatika ndipo yalipokuja mabaya kuliko yote. Damu ilitoka haikukoma, bakuli zima. Faida alinikalisha, akanikumbatia kwa nyuma kama mtu anayembeba mtoto, akaniambia masikioni, "Vuta taratibu. Taratibu. Usinitupe hapa peke yangu shamba, mie siwajui watu hawa." Nikataka kucheka, na ile nia ya kucheka ndiyo iliyonishika. Nadhani hivyo. Alinikumbatia mpaka kanzu yake na yangu zikawa kitu kimoja.

Kutoka siku ile damu ilipungua. Sijui sababu. Kipupwe kikaingia, hewa ikawa kavu na baridi, na asubuhi moja nikaamka na njaa. Nilikuwa nimesahau njaa ikoje. Nikamwomba Faida muhogo, akaenda kulia nyuma ya nyumba, kisha akauleta.

Karafuu zikachumwa, zikaanikwa juu ya majamvi mpaka mlangoni kwetu. Nikaanza kutembea kwenda jamvi la kwanza, kisha la pili. Vuli zikaja na kwenda. Homa ya alasiri ikawa inachelewa, kisha ikawa haiji. Kaskazi ilipovuma tena, daktari alinisikiliza mgongo, akagonga, akasikiliza tena, akasema kidonda cha kifua kimefunga na naweza kurudi kwangu kuishi na watu wangu.

Hakuna aliyeniambia kwamba kupona nako ni kazi. Nilirudi nikakuta mwaka mzima unaningoja. Watu walikuwa wamezaa, wamekufa, wameoa, nami sikumhani mfiwa wala sikumpongeza mzazi. Kwetu mambo hayo hayasameheki kwa urahisi. Basi nikajitanda buibui langu, na Faida nyuma, tukaanza kuzunguka nyumba baada ya nyumba. Mara nalia na mtu ambaye ameshamaliza kulia, mara nampongeza mzazi ambaye mtoto wake anatambaa. Mtu mmoja alinifungulia mlango akasema, "Kumbe u hai!" akajishika mdomo kwa aibu. Kila nyumba nililetewa kahawa, na nikiinuka kwenda zangu nasikia nyuma yangu kikombe kinawekwa mbali na vingine. Nilikuwa nimekijua chumba cha darini. Sasa mji mzima ukawa ni hicho chumba.

Na nyumbani Raya alikuwa akimwita Bi Moza mama. Nilipomnyooshea mikono, alirudi nyuma akajiziba kwa upindo wa kanzu, kama alivyofundishwa. Jina lake sasa alilitamka sawasawa.

Alkhamisi ya kwanza niliyopata nguvu, nikaenda kwa mjomba. Nilipanda ngazi zake nikipumzika njiani. Harufu ya chumba kile, ya ngozi na udi na karatasi kuukuu, ilinipokea kabla ya watu. Walikuwapo binamu zangu wawili, mabinti wa mjomba, na mkewe mjomba, Bi Sharifa. Wakaniamkia kwa furaha ya kweli, na wakasogea kidogo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Alhamdulillahi. Nimekuona."

Nikanyoosha mkono rafuni. Bi Sharifa akakohoa kikohozi cha adabu. "Zuwena, mwanangu, usinione vibaya. Vitabu hivi ni vya wakfu. Watu wakijua... unajua watu walivyo, hawatavigusa tena. Kipo kimoja hapa, mimi nimekuwekea."

Akanipa kitabu cha safari kilichopigwa chapa Misri, kimeliwa na nondo pembeni, kitabu ambacho hata kikipotea hakitatafutwa. Nikaonyeshwa mto wa kukalia karibu na dirisha, peke yangu. Nilimtazama mjomba. Aliendelea kupanga vitabu. Nikaketi pale nilipoambiwa, na nikajua nimetengewa kitabu.

Nikakifungua, na nikaona kwamba siwezi kusoma. Homa haikuwapo, lakini nikifika mwisho wa mstari mwanzo wake umeshapotea. Nilisoma ukurasa mmoja asubuhi nzima, na jioni Faida aliponiuliza umesoma nini, sikukumbuka hata neno. Kama hili limekupata, usidhani akili yako imekufa. Nilirudi Alkhamisi ya pili na ya tatu. Kwa aibu zaidi kuliko kwa hamu, kwani sikuwa na mahali pengine ambapo nikikaa kimya haionekani ajabu.

Kisha, sikujua ni saa ngapi, yule msafiri aliingia katika mji wa milimani wakati wa theluji. Njia zikafunga nyuma yake na mbele yake, akakaa miezi katika chumba cha kupanga, akisikiliza watu wasioijua lugha yake wakipita chini. Nikageuza ukurasa. Nikageuza mwingine. Binamu zangu waliinuka kwenda kutazama chakula, na adhana ya adhuhuri ikanishtua kama mtu aliyeamshwa. Nilikuwa nimesoma. Kwa muda ule wote sikuwa na kifua, wala Malindi, wala jina. Nilijizuia nisilie mbele ya watu.

Tangu hapo nilikuwa nikihesabu siku za wiki tena.

Siku niliyotaka kukueleza ni ya mwisho wa kaskazi. Mjomba alikuwa akitoa vitabu kuvianika juani kabla ya masika, akipita na mafungu mikononi. Bi Sharifa na mabinti zake walikuwa wakipangusa. Mimi nilikuwa mahali pangu dirishani. Mjomba akasimama juu yangu.

"Umefika wapi?"

"Kwenye theluji, mjomba. Njia imefungwa."

"Ameshapewa nyumba na yule mjane?"

"Bado."

"Bado? Basi umepita." Akayaweka mafungu yake chini, akachutama kwa taabu ya magoti yake, akakichukua kitabu mikononi mwangu. Mimi nimejifunza kusoma kwa kumtazama mjomba, na tabia yake ninayo: kulowesha kidole kwa ulimi kabla ya kugeuza. Pembe ya ukurasa ule ilikuwa bado mbichi kwa kidole changu. Mjomba akakilamba chake, akaishika pembe ile ile, akageuza, akakilamba tena.

"Bwana!" Bi Sharifa akasema. Kitambaa chake cha kupangusia kilikuwa kimesimama hewani. "Kidole!"

Mjomba akamtazama juu ya miwani. "Kidole kina nini?"

Akakilamba kwa mara nyingine, polepole, akatenganisha kurasa mbili zilizogandamana. "Nlijua," akasema. "Umegeuza mbili kwa pamoja. Mjane huyu hapa." Akanirudishia kitabu, akajiinua kwa kushika bega langu. "Na Alkhamisi ijayo chagua mwenyewe rafuni. Hiki nondo wamekula mwisho wake, utakuja kukasirika bure."

Akabeba mafungu yake akaenda juani. Sijui kama alifanya makusudi. Sikumuuliza, kwa sababu kwa mjomba mambo kama hayo hayaulizwi. Bi Sharifa alipangusa kwa muda. Kisha akaleta kahawa, akatumiminia sote kwa zamu, na vikombe vikarudi kwenye sinia moja.

Nilirudi nyumbani alasiri ile kwa miguu yangu. Bi Moza alikuwa uwandani akichambua mchele, na Raya ameketi kando yake. Nikavua buibui, nikaketi mkekani, nikaegemea ukuta.

"Raya, njoo nikupe hadithi."

Mtoto akamtazama bibi yake. Akashika upindo wa kanzu. "Nshakatazwa," akasema.

"Najua. Mimi ndiye mama yako, na nshapona. Njoo."

Bi Moza aliacha kuchambua. Nikaona mikono yake imetulia juu ya ungo, nikaona anawaza mabinti zake. Nilingoja. Sikumwomba, na sikumtazama kwa ubaya. Mwisho akauvuta ungo karibu, akainamisha kichwa, akaendelea na mchele wake.

Raya alikuja kidogo kidogo, akijiburura kwa makalio, mpaka goti lake likagusa langu. Nikamweleza habari ya mji wa milimani ambako kitu cheupe huanguka kutoka mbinguni na watu hawawezi kutoka. Akauliza kama kile cheupe huliwa. Akauliza kama mtu yule alikuwa na mama. Alipochoka kuuliza aliuachia upindo wa kanzu, akapanda mapajani pangu, akaweka shavu juu ya kifua changu, pale pale penyewe, akalala usingizi.

Alikuwa mzito. Mwaka mzima alikua bila mimi, na uzito wote ule ulikuwa mgeni kwangu. Mguu wangu ukafa ganzi toka pajani mpaka vidoleni, na sikuusogeza.